Boti ya Fundi Makochi

Boti ilikuwa imeshafika katikati ya mtaa, juu ya mkokoteni wa kukodi, na Fundi Makochi bado hajatulia. Mara yuko mbele anafukuza kuku. Mara yuko nyuma anakaza kamba. Mara anapapasa ubavu wa boti kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Polepole! Hilo si kabati!" alimfokea shemeji yake.

"Lingekuwa kabati ningeshalifikisha," shemeji alijibu huku jasho likimtiririka. "Kabati lina mahali pa kushika."

Shemeji huyu alikuwa kaka wa mke wa fundi. Alikuwa mnene, mcheshi, na simu haikumtoka mkononi hata akisukuma mkokoteni. Mke mwenyewe alitembea nyuma yao na chupa ya chai. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, kwa kuwa alikuwa fundi wa kushona. Alimshika mkono binti yao wa miaka saba, jina lake la nyumbani Chachu. Walimwita hivyo kwa sababu hakai akatulia. Yeye ni kuumuka tu.

Watu walitoka milangoni kutazama. Mmoja akauliza, "Fundi, unaenda kuvua?"

"Sivui."

"Utavusha mizigo?"

"Sivushi."

"Sasa boti ya nini?"

"Ya kukaa," alisema Fundi Makochi. "Jumapili naingia na familia yangu, napiga makasia mpaka pale kati, tunakunywa chai, tunarudi. Basi."

"Mtu mzima na akili zake!"

"Kwani mtu mzima hachoki?"

Alikuwa na haki ya kujibu hivyo. Tangu ujana wake alitengeneza makochi, vitanda na milango. Kila alichotengeneza kilitoka getini kikaenda kukaa kwa watu wengine. Kinyozi hajinyoi. Nyumbani kwake kiti cha baba kilikuwa na miguu mitatu na tofali. Boti hii ilikuwa kitu chake cha kwanza kujitengenezea mwenyewe, na ndiyo maana hakulala vizuri tangu alipopiga msumari wa kwanza.

Mama Cherehani hakupenda maji. Hakujua kuogelea, wala kwao hakuna aliyejua. Alikuwa amemwambia mumewe neno moja tu: "Sina ugomvi na boti yako. Lakini siku mwanangu akinywa maji ya ziwa, nitaipasua kuni."

Fundi hakulichukua kama mzaha. Mteja mmoja aliwahi kumtukana Mama Cherehani, akarudishiwa suti yake ikiwa vipande vipande, vimekunjwa vizuri na kupigwa pasi.

*

Pale ufukweni palikuwa na karakana ya boti. Boti zililala kifudifudi kwenye magogo, na hewa ilinuka lami na mafuta. Mwenye karakana alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Lami. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni, na sauti yake ilisikika ng'ambo. Alijenga boti za kutembelea na kuzikodisha kwa watu wa mapumziko. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo.

"Katika ziwa hili," alipenda kusema, "boti nzuri zote ni zangu. Na zile mbaya zimeiga zangu."

Aliizunguka boti ya fundi. Akaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Mbao hizi umezikausha?"

"Mpaka zikalia kama kengele."

"Na kati ya ubao na ubao, nafasi iko wapi?"

Fundi alicheka. "Nafasi ya nini, dada? Nimezibana na gundi. Chukua unywele wako, jaribu kuupitisha. Haupiti."

"Hilo ndilo linalonitisha." Mama Lami akachungulia ndani. Akaona viti viwili virefu, vyenye sponji, vitambaa vya maua na mahali pa kuegemeza mikono. "Haya, na meza ya kahawa iko wapi? Pazia je?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi akaona aibu, na aibu ikamtoa neno baya.

"Wewe jenga zako za lami," alisema. "Mimi nijenge zangu za watu."

Mama Lami alifuta mikono. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Haya, baba. Ziwa lile pale."

Boti ilishushwa. Ikaelea! Ilipendeza kwelikweli, nyekundu na nyeupe, imesimama juu ya maji kama kochi jipya sebuleni. Fundi alishika makasia. Shemeji akakaa mbele, Chachu akakaa kati. Mama Cherehani alibaki ufukweni, amekunja gauni, miguu yake majini hadi vifundoni.

"Hapo hapo!" aliita. "Msiende mbali."

"Hatuendi mbali," mumewe alijibu. Na kweli, hawakwenda mbali. Maji yalikuwa ya kifuani kwa mtu mzima.

Hapo shemeji akataka picha.

"Geukeni huku," alisema, akasimama. Akanyoosha mkono wenye simu. Boti ikalala upande mmoja. Akaegemea upande wa pili ili kuirudisha. Boti ikarudi kwa nguvu, ikapita, ikapinduka.

Mimi ninayesimulia nimeona maji ya nchi nyingi, na kote ni hivyo hivyo. Boti haipinduki kwa kelele. Dakika hii watu wanacheka, dakika ile kuna tumbo la boti tu juu ya maji.

Shemeji aliibuka kwanza, mkono wa simu ukiwa juu. Fundi akaibuka. "Chachu!" aliita. Akageuka kushoto, akageuka kulia. "Chachu yuko wapi?"

Mama Cherehani alikuwa ameshaingia na gauni lake, maji yakimfika kifuani. Hakuita. Alipitisha mkono chini ya ukingo wa boti, akapapasa, akapata kitambaa. Akavuta. Mtoto akatoka akikohoa na kutapika maji.

Ufukweni Mama Lami alimpokea, akamlaza kwa ubavu, akamfunika blanketi kavu. Chachu alilia, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko wimbo.

Mama Cherehani alikamua gauni la mwanawe taratibu, bila kumtazama mumewe. Kisha akasema, "Kesho nakuja na shoka."

"Mke wangu..."

"Kesho."

"Dada yangu," Mama Lami alisema, "shoka lipo hata hapa kwangu. Lakini ubao uliolowa hauwaki. Kwanza mpeleke mtoto zahanati leo hii, hata akionekana mzima. Aliyevuta maji anaweza kubadilika baadaye. Boti iacheni hapa kandoni, ikae majini. Ina ugonjwa wa pili na mumeo hajauona. Akishauona, njoo na shoka lako. Mimi mwenyewe nitakunolea."

*

Mganga wa zahanati alisikiliza kifua cha Chachu, akamweka hadi jioni, akasema yuko salama. Lakini nyumbani mambo hayakuwa salama.

Fundi alishindwa kazi. Alipigilia mkono wa kochi wa kushoto upande wa kulia. Alisahau chai ikapoa, akaisahau tena. Asubuhi alikwenda ufukweni, jioni akaenda tena. Hakuna alichofanya huko. Alisimama tu, akahamisha uzito mguu huu, mguu ule.

Chachu naye alibadilika. Mtoto aliyekuwa haketi sasa alikaa. Mama yake alipommwagia kata ya maji kichwani wakati wa kuoga, alipiga kelele mpaka jirani akaja kubisha hodi.

"Ataacha tu," fundi alisema.

"Ataachaje?" mkewe alijibu. "Tunaishi kandokando ya ziwa. Maji yako kila upande. Mtoto anayeogopa maji ya beseni, siku akiteleza gatini atafanya nini? Umenivunjia mtoto, baba Chachu."

Neno lile lilimchoma kuliko habari ya shoka.

Siku moja alifika ufukweni akakuta boti imevimba. Ubao mmoja wa ubavuni ulikuwa umechomoka kama mdomo ulioumwa na nyuki. Vichwa vya misumari vilikuwa nje, na tayari vilikuwa na kutu. Fundi alipiga magoti majini. Alikuwa amebana mbao zile kwa mikono yake mwenyewe. Nani aliyezibandua?

"Hakuna aliyezibandua," Mama Lami alisema nyuma yake. "Zimekunywa."

"Zimekunywa?"

"Ubao hunywa maji, fundi. Ukinywa, unanenepa. Chukua benchi ya watu wanane. Wakalishe wanane, wabane bega kwa bega. Halafu wote washibe, wanenepe pale pale. Itakuwaje?"

"Mmoja ataruka."

"Ndiye huyo hapo." Akamwonyesha ubao uliochomoka. "Wewe umezoea sebuleni. Sebuleni ubao hukauka na kusinyaa, kwa hiyo unabana. Majini ni kinyume. Ubao lazima uachiwe pa kunenepea."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukwambia. Ukaniambia nijenge zangu za lami."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilikosa, dada. Nisamehe."

"Ulikosa sana. Kaa hapo kwenye benchi nikufundishe."

Alikaa. Benchi ikayumba. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mguu wa benchi, akaugeuza, akautazama.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi."

"Dada, na wewe..."

"Usiseme!" Mama Lami alidakia, na kwa mara ya kwanza wote wawili wakacheka.

*

Waliivuta boti nje, wakaiacha ikauke kivulini, kwa kuwa jua kali hupasua ubao. Kisha wakazitoa mbao za ubavuni. Fundi alipiga randa kingo zake upya. Safari hii kila ubao uligusana na mwenzake upande wa ndani tu. Upande wa nje uliacha mfereji mwembamba.

"Sasa tunatia kalafati," Mama Lami alisema. Alisokota pamba, akaichovya kwenye mafuta, akaishindilia mferejini kwa patasi butu na nyundo ya mti. "Sikiliza. Sasa inalia tok, tok. Bado. Piga tena. Umesikia? Sasa imekuwa nzito. Hapo imejaa, acha. Ukizidisha, utazifungua mbao wewe mwenyewe."

Fundi alisikiliza kwa sikio la fundi. Baada ya muda mfupi alijua sauti ile kuliko sauti ya simu yake. Juu ya pamba wakapaka lami. Misumari ya kochi ilitupwa, ikaja iliyopakwa zinki, isiyoliwa na kutu haraka.

"Na viti vyangu?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Lami alichukua chupa tupu ya plastiki, akaisimamisha kwenye beseni la maji. Ikaanguka. Akatia mchanga kidogo, akaifunga, akaisimamisha tena. Safari hii ikasimama. Akaisukuma kwa kidole, ikainama na kurudi.

"Uzito ukikaa chini, boti inatulia. Wewe uliwapandisha watu juu kama wafalme. Shemeji yako peke yake ni wafalme wawili."

"Nimesikia!" shemeji alisema kutoka kwenye kivuli. Alikuwa amekuja kusaidia, lakini zaidi alikuwa anakula.

"Vizuri umesikia. Botini hakuna kusimama. Ukitaka kuhama, inama, shika kingo zote mbili, mmoja baada ya mwingine. Picha piga ukiwa umekaa."

Viti vikashushwa, chini kuliko magoti. Sponji ikatolewa, kwa kuwa ikilowa ni mzigo. Chini ya kila kiti wakafunga madumu matupu ya plastiki, vifuniko vimekazwa. Hewa iliyofungiwa humo huzuia boti isizame hata ikijaa maji.

Siku hiyo Mama Cherehani alifika, kimya, na kitu kirefu kilichofungwa kwenye khanga kuukuu. Kila mtu alijua ni shoka.

"Ugonjwa wa pili umeonekana?" aliuliza.

"Umeonekana na tumeutibu," alisema Mama Lami. "Sasa kuna hizi." Akamwonyesha majaketi okozi, yale makoti yanayomfanya mtu aelee majini. Yalikuwa yamening'inia ukutani, juani. "Kila anayepanda boti yangu anavaa. Siku ile ningewapa, lakini bwana wako alikuwa ameshanitukana."

"Hapo ulikosea wewe," alisema Mama Cherehani. "Angenitukana hata mimi, mtoto ningempa."

Mama Lami, mwenye maneno yote yale, alisogea kando kumpisha ukutani.

Mama Cherehani alishusha jaketi la kwanza. Akavuta mshono kwa kucha mbili. Uzi ukakatika kama tambi kavu.

"Hili ni jaketi au mzaha?"

"Limekaa juani tu kidogo..."

"Jua hula uzi. Na sponji je? Bonyeza hapa. Imekuwa ngumu, inamomonyoka. Nikishona nje, ndani bado ni bovu." Alichukua mkasi wake, akakata mikanda ya jaketi lile ili asije mtu akalivaa. Akashusha la pili, la tatu. Mazuri yakaenda kulia, mabovu kushoto. Rundo la kushoto halikuwa dogo.

"Mume na mke mmekuja kunifundisha kazi kwenye karakana yangu," Mama Lami alinung'unika. Lakini jioni ile alihamisha majaketi yote yaliyobaki akayaweka kivulini, na badala ya mabovu akaagiza mapya.

*

Kabla ya majaribio, boti ilikaa kandoni siku kadhaa ikinywa. Mwanzo ilivuja. Fundi alizunguka akishika kichwa. "Iache," Mama Lami alimwambia. "Inanenepa." Ikanenepa, mbao zikakumbatia pamba, uvujaji ukakoma.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Boti mpya haipakii mtu mpaka izamishwe kwa makusudi, na aliyeijenga ndiye anayekaa ndani. Fundi Makochi alivaa jaketi, akakaa sakafuni mwa boti, nayo ikiwa mahali penye kina cha kifuani. Wakammwagia ndoo baada ya ndoo. Maji yakamfika kiunoni. Boti ikajaa hadi ukingoni, ikashuka, ikashuka, ikasimama. Haikuzama.

"Haya!" fundi alipiga kelele. "Mke wangu, umeona?"

"Nimeona inaelea na wewe," alisema Mama Cherehani. "Wewe si mwanangu."

Akaweka khanga na shoka juu ya mchanga. Akachukua jaketi, akafunga kila mkanda. "Livuteni juu mabegani," aliagiza. Mama Lami akavuta jaketi juu kwa nguvu. Halikupanda hadi kidevuni. "Sawa. Limenikaa."

"Unaenda wapi?" fundi aliuliza. "Mama Chachu, hujui kuogelea!"

"Na mwanangu je, anajua? Itoeni maji. Kaka, na wewe vaa, twende."

Boti ikakaushwa. Wakaingia watatu, wakakaa chini kwenye viti vifupi. Mama Lami alisimama majini kando yao. Chachu alikuwa ufukweni, ameshikilia chupa ya chai kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Kaka," alisema Mama Cherehani. "Simama kama siku ile."

"Nisimame? Si tumeambiwa..."

"Leo tumekuja kujua. Simama."

Shemeji akasimama. Boti ikainama, ikarudi. Ikainama tena, ikarudi tena. Ilikuwa nzito, tulivu. Ikabidi shemeji aegemee kwa uzito wake wote, na hapo ndipo ikapinduka.

Fundi alikunywa maji. Alipofumbua macho alimtafuta mkewe. Alimwona. Alikuwa chali juu ya maji, jaketi limemwinua, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi puani. Mkono mmoja ulishika boti.

"Msiiache boti!" Mama Lami aliita. "Hata mkiona ufukwe uko karibu! Shikeni boti! Boti ni kubwa, mtu anayekuja kuwaokoa ataiona. Kichwa chenu hatakiona."

Waliishika. Mama Cherehani alitoa kitambaa usoni. Alipumua kwa haraka, kisha taratibu, kisha taratibu zaidi. Shemeji hata hakuchekesha.

"Mama!" Chachu aliita. "Mama, unazama?"

"Sizami."

"Hata ukiachia?"

Mama Cherehani aliutazama mkono wake ulioshika boti. Maji hapo yalikuwa kifuani tu na Mama Lami alikuwa kando yake, lakini woga haupimwi kwa kina. Akaachia. Akabaki juu.

"Hata nikiachia," alisema.

Mtoto aliweka chupa ya chai chini. Akasogea mpaka maji yakamgusa vidole. Akarudi nyuma. Akasogea tena.

"Baba Chachu," alisema Mama Cherehani, bado akielea, "nenda kachukue lile jaketi dogo, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mvalishe. Livute juu mabegani uhakikishe halimvuki kidevu. Kisha mlete. Akisema arudi, mrudishe."

Fundi alikwenda. Alikosea kifungo, akaanza upya. Chachu aliingia hadi magotini, akasema arudi. Akamrudisha. Aliingia hadi kiunoni, akasema arudi. Akamrudisha. Mara ya tatu hakusema chochote. Alimshika mama yake shingoni, na wote wawili wakaelea.

Shoka lilirudi nyumbani likiwa bado kwenye khanga.

*

Familia ile ilitumia boti yake karibu kila Jumapili yenye hali nzuri ya hewa. Hawakupakia zaidi ya watu wanne. Kabla ya kuondoka walimwambia mtu wa ufukweni wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi. Upepo ukianza kuchafua maji, walirudi, hata kama chai haijanywewa.

Fundi Makochi bado anatengeneza makochi. Amejenga boti nyingine mbili pamoja na Mama Lami. Wanagombana kila siku. Mama Lami bado anajisifu, magoti yanamsumbua, na mabenchi ya karakana yake hayayumbi tena. Shemeji alioa akahamia mji wa mbali usio na ziwa. Zahanati ile ilifungwa, ikajengwa nyingine kubwa zaidi. Boti nyekundu na nyeupe iliuzwa kwa mwalimu mmoja wa ng'ambo, naye anaendelea kuitia kalafati kila mwaka.

Chachu ni mtu mzima sasa. Anafundisha watoto kuogelea. Mama yake hajajifunza mpaka leo.